Shoka Liko Mlimani, Mnunuzi Yuko Kasenga

Ndugu zangu wa Kasenga, hapa Uvira, na ninyi jirani zetu wa Kavimvira, Mulongwe, Songo na Kimanga hadi kule Kalundu bandarini, naomba mnisikilize kidogo kabla mvua haijarudi.

Kila kiangazi, usiku, mlima unawaka. Mnaujua mstari ule mwekundu unaopanda polepole kutoka makorongoni hadi mgongoni, na asubuhi majivu yanatua juu ya nguo mlizoanika. Tumeuzoea. Watoto wanautazama mpaka usingizi unawachukua, na hakuna mtu mzima anayeuliza nani amewasha. Kisha mwezi wa 9 mvua ya kwanza inanyesha huko juu, hapa chini jua bado kali, na ghafla mto Mulongwe unashuka mwekundu, umebeba majivu, vijiti na udongo wa shamba la mtu. Mwenye shamba yuko juu, amepoteza rutuba ya mwaka mzima. Sisi wa chini tunaondoa ndoo zetu mtoni na kusubiri maji yatulie.

Tazameni kwanza mahali tulipo. Ziwa Tanganyika liko kwenye mita 770 na kidogo kutoka usawa wa bahari. Milima ya Mitumba iliyosimama mgongoni mwetu inapita mita 3,000 kwenda juu, na kilele cha Mohi, kule ndani Itombwe, kinafika mita 3,475. Kati ya ziwa na mlima tumebanwa sisi, kwenye ukanda mwembamba ambao sehemu nyingine mtu anauvuka kwa miguu kabla maharagwe hayajaiva. Mito yetu, Mulongwe, Kalimabenge, Kavimvira, ni mifupi na mikali. Haina bonde pana la kupumzikia njiani. Mvua ikinyesha juu alasiri, maji yako mlangoni petu jioni ile ile, na kilichokuwa kikiyachelewesha ni miti.

Aliyewahi kuingia msitu wa mlimani mvua ikinyesha anajua kwamba unakaa muda mrefu kabla ya kulowana. Matone yanapiga kwanza majani ya juu kabisa, yanadondokea matawi yaliyofunikwa na kuvu na ndevu za miti, yanateleza kwenye magome, na yanapofika chini hayana nguvu tena. Pale chini kuna tabaka la majani yaliyooza, nene, linalokunywa maji kama godoro kuukuu. Mizizi imetoboa ardhi kila upande, na maji yanazama humo, yanasafiri gizani, kisha yanatokea kwenye chemchemi majuma au miezi baadaye. Ndiyo sababu kijito cha msituni kinatiririka hata mwezi wa 8. Sasa ondoa miti, choma nyasi, lima matuta yanayofuata mteremko badala ya kuukata. Tone linapiga udongo mtupu, linaziba vitundu vyake, na maji yote yanayofuata yanateleza juu juu. Unapata mafuriko mwezi wa 4 na mabomba makavu mwezi wa 8, na watu wanalalamika kana kwamba ni misiba miwili isiyojuana.

Usiku wa kuamkia tarehe 17 Aprili 2020 sina haja ya kuwasimulia watu wa Kasenga. Kwa wasiokuwapo niseme tu kwamba Mulongwe ulitoka kitandani mwake, ukapita kwenye nyumba za watu, na kulipokucha zaidi ya watu 40 walikuwa wamekufa, nyumba zimeanguka kwa maelfu, na watu wapatao 80,000 wameguswa na msiba kwa namna moja au nyingine. Miundombinu ya REGIDESO, shirika la maji, nayo iliharibika, kwa hiyo mji uliokuwa umejaa maji ukakosa ya kunywa. Sitadai kwamba miti peke yake ingeuzuia msiba ule. Mvua ilikuwa kubwa mno, na sisi wenyewe tulikuwa tumejenga ndani ya njia ya mto, ukuta kwa ukuta, tena wengine kwa karatasi halali za kiwanja. Lakini maji yaliyokuja hayakuja peke yake. Yalikuja na mawe, magogo na matope, na hivyo ndivyo vilivyobomoa kuta. Mlima wenye mizizi huachia maji. Mlima mtupu huachia maji pamoja na mwili wake.

Na kuna vifo vingine visivyopigiwa mbiu. Uvira ni mji wa kipindupindu, tunajua, na kila familia ina mtu aliyewahi kulazwa. Mwaka 2015 ulichapishwa utafiti uliolinganisha daftari za kituo cha matibabu ya kipindupindu hapa mjini, za mwaka 2009 hadi 2014, na siku ambazo maji ya bomba yalitoka au hayakutoka. Uligundua kwamba baada ya siku moja bila maji kabisa, wagonjwa walioandikishwa katika siku 12 zilizofuata waliongezeka zaidi ya mara mbili. Maji ya REGIDESO yanatekwa kwenye Mulongwe. Mto ukishuka na matope mazito, kuyasafisha kunakuwa kazi ya mateso. Ndiyo, umeme nao unachangia, na mabomba ya zamani, na hayo yana wenyewe wa kuyajibu. Ila matope hayatoki kwenye ofisi yoyote. Yanatoka mlimani, na mlimani kuna mkono wetu.

Nasikia mtu akisema: msitu gani? Mlima wa Uvira una nyasi na mihogo tu. Kweli kabisa. Msitu umerudi nyuma, upande wa magharibi, kule Itombwe, na mtoto aliyezaliwa Kasenga anaweza kukua, kuoa na kuzeeka bila kuuona. Nayo mito mingi ya Itombwe haiji kwetu. Elila na Ulindi inashuka upande wa pili hadi Lualaba. Kwa hiyo siwaambii kwamba kila ndoo ya Kasenga inatoka kwenye msitu ule. Ninachosema ni kwamba ule uliokuwa juu ya vichwa vyetu tulikwisha kuupika, kipande kwa kipande, na sasa njia ya makala, mkaa tunaopikia, inaelekea kwa huo wa nyuma.

Na huo wa nyuma si msitu wa kawaida. Itombwe ni mojawapo ya vipande vikubwa kabisa vya msitu wa milimani vilivyobaki Afrika nzima, na humo mmebaki viumbe ambao dunia haina pengine pa kuwatafuta. Mwaka 1951 alipatikana huko bundi mmoja mdogo, mwenye uso mweupe na mgongo wa rangi ya kutu, akapewa jina la Prigogine, mtafiti aliyekusanya ndege wa Kivu kwa miaka mingi. Baada ya huyo, kimya. Hakuna mtafiti aliyemshika mwingine hadi mwaka 1996, miaka 45 baadaye, alipoingia mmoja kwenye wavu, akapigwa picha na kuachiliwa. (Imani zetu kuhusu bundi nazijua, na sitazibishia hapa. Huyu hajawahi kutua juu ya paa la mtu.) Kuna chura mdogo wa rangi ya dhahabu, wa Itombwe tu, ambaye baada ya mwaka 1950 hakuonekana tena kwa watafiti, wengi wakadhani amekwisha, hadi mwaka 2011 alipopatikana kwenye nyasi na maji ya nyanda za juu. Miongoni mwa waliofanya kazi hiyo ni Mkongomani, Chifundera Kusamba, wa kituo cha utafiti cha Lwiro. Hilo lisemwe mashuleni kwetu, maana watoto wetu wanadhani mtu wa sayansi lazima ashuke kwenye ndege.

Halafu kuna gorila. Yule gorila mkubwa kuliko wote duniani, anayeitwa wa Grauer, aliingia kwenye vitabu vya sayansi mwaka 1914 kutokana na mizoga iliyochukuliwa kwenye milima hii hii ya magharibi ya ziwa. Hayupo nchi nyingine yoyote isipokuwa Kongo yetu, upande wa mashariki. Katikati ya miaka ya 1990 walikadiriwa kuwa 17,000 hivi. Ripoti ya mwaka 2016 ikashuka hadi 3,800, na mwaka huo huo akaandikwa kwenye orodha ya walio ukingoni mwa kutoweka. Mwaka 2021 hesabu mpya ikasema huenda wamebaki 6,800, kwa sababu waliohesabu waliweza kufika sehemu ambazo zamani hazikufikika. Hata kwa hesabu hiyo njema, zaidi ya nusu wamekwisha ndani ya umri wa kijana aliyemaliza chuo kikuu jana. Walikufa kwa bunduki za vita, kwa njaa ya wachimbaji wa koltani na dhahabu waliokula nyama ya porini kwa kukosa nyingine, na kwa kukatiwa pa kukaa.

Sasa nije kwenye gunia.

Simameni asubuhi pale sokoni panapouzwa makala. Gunia limefungwa juu kwa majani na kamba, limechomoza kichwa kupita mdomo wake, na mama muuzaji amefungua la kwanza na kuligawa kwa mafungu: haya ya kikopo, haya ya ndoo, haya ya mfuko mdogo kwa mwanafunzi anayeishi peke yake. Mikono yake myeusi mpaka kwenye kiwiko. Vumbi linalobaki chini analifagia na kuliuza pia. Hakuna mtu mwenye bidii kuliko huyo mama, na karo ya watoto wake inatoka humo. Sina neno baya naye, wala na yule aliyelishusha mgongoni kutoka milima ya kati, wala na aliyelileta kwa boti kutoka pwani ya Fizi.

Lakini tufanye hesabu ambayo hatuifanyi. Kwa namna yetu ya kuchoma, tanuru la udongo kule juu, kilo 100 za kuni kavu zinatoa kilo 10 hadi 20 tu za makala. Kinachobaki kimekwenda moshi. Kwa hiyo anayenunua gunia moja amenunua rundo la miti mara tano hadi kumi uzito wake, na hakuliona. Mkulima wa juu anayepikia kuni huchukua tawi. Ni mji ndio unaohitaji mti mzima, kwa kuwa mji unataka moto usiotoa moshi na nishati isiyochukua nafasi. Tunakaa hapa chini tukisema watu wa milimani wanaharibu msitu. Shoka liko mlimani, ndugu zangu, lakini anayeliagiza yuko hapa, amesimama na kapu lake, anabembeleza bei. Siku sisi tukinunua pungufu, shoka litapumzika bila mlinzi wala faini.

Hapo ndipo wito wangu ulipo. Siwaombi mwende Itombwe mkalinde gorila.

Ombi la kwanza linaanzia kwenye mbabula, jiko letu la makala. Nyingi ya mbabula zetu ni bati tupu lenye matundu. Joto linatoka pembeni linampasha moto mpishi badala ya chungu. Wakenya, tangu miaka ya 1980, wamekuwa wakitengeneza jiko la bati lenye tumbo la udongo uliochomwa, na likifinyangwa vizuri linapunguza makala kwa theluthi moja, wakati mwingine karibu nusu. Hapa kwetu udongo upo na wafinyanzi wapo, tena mafundi bati wa Uvira wanajua kutengeneza kitu kutoka kwenye pipa lolote. Kinachokosekana ni fedha ya mara moja, kwa sababu mbabula ya namna hiyo ni ghali kuliko ile ya bati. Na fedha ya mara moja, mama zangu, ninyi mmekwisha kuipatia dawa zamani: likilimba. Mkiwa mama 15 kwenye likilimba, mnaweza kukubaliana kwamba kabla mwenye zamu hajaondoka na fungu lake, inanunuliwa mbabula moja. Zamu ikizunguka, nyote mnazo. Hakuna mradi wa kusubiri, hakuna mtu wa kuja na fulana zenye maandishi.

Na wakati mbabula hazijafika, mengine hayana gharama. Maharagwe yakilowekwa usiku kucha yanaiva mapema zaidi. Sombe inayochemka saa nzima bila kifuniko inakula makala ya saa nyingine bure. Kwenye bonde la Ruzizi, Kiringye na Luberizi, maganda ya mpunga yanarundikana kando ya vinu mpaka yanachomwa ili yaondoke. Kijana mwenye akili ya biashara atazame rundo lile mara mbili, kwani maganda hayo yakigandamizwa yanakuwa kuni.

Ombi la pili ni la kingo za mto. Salongo ya Jumamosi tunaijua, wazee wetu waliifanya kwa kulazimishwa na sisi tunaifanya kwa kuzoea: tunafagia barabara, tunazibua mtaro, tunarudi nyumbani. Naomba salongo moja kati ya nne ipelekwe mtoni. Tukubaliane ukanda usiolimwa, usiojengwa wala kutupwa taka pande zote mbili za mto, upana wowote ambao kila avenue itaukubali na kuusimamia kweli. Humo tupande mianzi, kwa sababu mizizi yake inashika ukingo upesi, na majani ya vetiva kwenye miteremko. Miti ya matunda ikae nyuma kidogo: maembe na parachichi, ili mwenye uwanja apate kitu cha kumfanya ailinde. Tuache kupanda mikaratusi karibu na chemchemi. Ni mti mzuri wa nguzo na wa makala, upandwe kwa ajili hiyo kwenye mashamba yake mbali na maji, maana unayanywa mno.

Haya yana majira yake, na ndiyo maana nimesema kabla mvua haijarudi. Mbegu zitiwe kwenye vifuko mwezi wa 6, zimwagiliwe kiangazi chote, zipelekwe ardhini mvua zikiwa zimekaza, mwezi wa 10 au wa 11. Anayeamka mwezi wa 11 kutafuta miche atakuta ya kununua, ya bei, na nusu imekufa njiani. Shule zetu zina viwanja na zina watoto. Lakini mwezi wa 7 na wa 8 watoto wako likizo, na bustani nyingi za miche za shule zimefia hapo hapo, kwa kiu, kwa sababu kila mtu alidhani mwenzake anamwagilia. Kwa hiyo bustani iwe ya avenue, na ndoo ziwe na zamu yenye majina.

Msione ni kidogo. Tarehe 5 Juni 1977 Wangari Maathai na wenzake walipanda miti 7 kwenye bustani ya Kamukunji, Nairobi. Si yote iliyoishi. Alicheka na kuchekwa, akaendelea na akina mama wa vijijini kwa mbegu walizookota wenyewe, na mwaka 2004 akapewa Tuzo ya Nobeli ya Amani, mwanamke wa kwanza wa Afrika kuipata. Mwaka uliofuata alipewa kazi ya kuwa balozi wa misitu ya bonde la Kongo. Alikuwa anatutetea sisi.

Ombi la tatu ni gumu kusema, kwa hiyo nitalisema wazi. Juu ya mlima wanaishi watu: Wabembe, Wafuliiru, Wavira, Wanyindu, Walega, Wanyamulenge, na Wambuti ambao walikuwa msituni kabla ya sisi sote. Vita vya miaka hii 30 vimewafukuza mara ngapi, na mara ngapi wameshuka kwetu na godoro kichwani. Atakayezungumzia msitu bila kuwazungumzia hao anafanya mchezo. Tena wana historia ya kudanganywa. Tarehe 11 Oktoba 2006 waziri alitia sahihi amri ya kuunda Hifadhi ya Itombwe, na vijiji vilivyokuwa ndani yake vikajikuta ndani ya hifadhi bila kuulizwa. Watu walikasirika, na walikuwa na haki. Kilichofuata ndicho kinachonipa moyo: ilichukua miaka, lakini vijiji vilikaa na wataalamu vikachora ramani zao wenyewe, hapa mashamba, hapa makaburi ya wazee, hapa pa kuwinda, hapa tunakubali pasiguswe. Mwaka 2016 mkoa wa Kivu ya Kusini ulitangaza mipaka mipya iliyotokana na mazungumzo hayo, eneo la kilomita za mraba 5,700 na zaidi. Si kamilifu. Bado ICCN, taasisi ya serikali inayosimamia hifadhi, ina walinzi wachache na msitu mkubwa, na bado wapo wanaochimba na kuwinda humo. Lakini ni mfano wa serikali kurudi nyuma na kusikiliza, jambo ambalo hapa kwetu tunaliona kwa nadra kiasi kwamba tukiliona tunapaswa kulipigia makofi.

Na sheria zimefungua milango ambayo watu hawaijui. Tangu amri ya tarehe 2 Agosti 2014, jamii yoyote inayoishi na msitu wake wa mababu inaweza kuomba uandikwe kwa jina lake, hadi hekta 50,000, daima, na ikautawala kwa taratibu zake. Tangu Julai 2022 kuna sheria inayolinda haki za Wambuti na ndugu zao, pamoja na haki juu ya ardhi wanayoishi. Karatasi hizo zinahitaji mtu wa kuzisoma, kuziandika, kupanda pikipiki hadi Bukavu na kurudi. Sisi wa mjini tuna wanasheria, walimu, wanafunzi wa vyuo, makanisa na misikiti yenye mashine za kuchapa. Msaada ambao mtu wa mlimani anauhitaji kutoka Kasenga ni huo zaidi ya nguo kuukuu. Na akiupata, ataona faida ya kuuacha mti umesimama.

Neno dogo kwa wafanyabiashara wa boti na wa pikipiki: mkiletewa mtoto wa sokwe kwenye kikapu, ili mumwuzie huyu au yule, jueni kwamba mama yake amekufa, na mara nyingi si yeye peke yake, kwa sababu ukoo wa sokwe haumtoi mtoto bila kupigana. Sheria ya mwaka 2014 ya uhifadhi inamkinga. Waliookolewa wanalelewa Lwiro, kwenye kituo kilichoanza mwaka 2002. Piteni pembeni, mtoe habari, msinunue hata kwa huruma. Huruma hiyo ndiyo inayomrudisha mwindaji porini.

Nitaambiwa: tuko kwenye vita, hatujui kesho nani ataamka na mji, na wewe unatuletea habari za mianzi. Naelewa. Mtu anayelala na viatu miguuni hapandi mti wa miaka 10. Ila mto hausubiri amani. Mwaka 2020 haukuuliza nani anatawala mlima. Na kuna jambo nimeliona katika mji huu wakati wa mashaka: watu wa avenue moja ambao hawakubaliani juu ya lolote wanakubaliana juu ya mtaro. Kila mtu anataka maji yapite. Pale kuna mazungumzo ambayo yanaweza kufanyika hata leo, bila kibali cha mtu.

Wavuvi wetu nao nawaita. Udongo unaoshuka Mulongwe hauishii darajani, unaingia ziwani. Unatua juu ya mawe ya ufukweni ambako samaki wadogo hula na kutaga, na watafiti waliolinganisha fukwe za kaskazini mwa ziwa hili wamekuta kwamba pale milima ilipokatwa miti na udongo ukashuka, aina za viumbe zinapungua. Ziwa lenye kina cha mita 1,470 linaonekana haliwezi kujaa. Lakini uhai mwingi wa mawe hauko kwenye kina hicho, uko hapa kando, mahali matope yanapoanzia. Kituo cha utafiti wa ziwa, CRH, kiko hapa hapa Uvira. Vyama vya wavuvi viwaite wataalamu wake siku ya mwezi mwangavu, siku ambayo mitumbwi haitoki kuvua ndagala, wawaeleze kwa Kiswahili kile wanachoandika kwa Kifaransa.

Pa kuanzia ni Jumamosi hii. Chefu wa avenue anazijua nyumba zote zilizo ukingoni. Mfuateni asubuhi kabla jua halijawa kali, mchukue kamba, mpime pamoja kutoka maji yalipo hadi ukuta wa kwanza, nyumba kwa nyumba, mwandike kwenye daftari moja la shule. Mwandike na mahali penye kivuli na maji ya kumwagilia, pa kuweka vifuko 200 vya kwanza. Kazi hiyo inaisha saa tano.